Mlo wa umu jijini Nairobi: nduma, tui la nazi na mawe ya moto

Mwezi uliopita nilihudhuria mlo wa Kisamoa uliopikwa uani kwa nyumba moja mtaani Lavington na mama mzaliwa wa Samoa, nchi ya visiwa katika Bahari ya Pasifiki, ambaye huwapokea wageni wasiozidi 20 kwa ada ya shilingi 3,500 kila mmoja. Nimekula katika mikahawa mingi ya jiji hili inayouza vyakula vya kigeni, lakini hapa mgeni hukabidhiwa kazi kabla ya kukabidhiwa sahani, na kwa maoni yangu hiyo ndiyo thamani ya ada yenyewe.

Tulitakiwa kufika saa nne asubuhi, ilhali chakula kiliandaliwa saa nane. Muda huo wote ni wa umu, yaani tanuri la mawe. Hāngī ya Wamaori wa New Zealand na imu ya Hawaii huchimbiwa shimo. Umu ya Samoa hujengwa juu ya ardhi. Kuni huwashwa, mawe ya volkeno hurundikwa juu yake mpaka yashike moto sawasawa, kisha chakula hupangwa juu ya mawe hayo na kufunikwa kwa majani mabichi ya migomba, tabaka juu ya tabaka, mvuke usipate pa kutokea. Kwao kazi hii ni ya vijana wa kiume, ambao Jumapili huamka mapema kuandaa to'ona'i, mlo wa familia baada ya ibada. Mwenyeji wetu hakuilegeza desturi hiyo: wanaume ndio waliokalishwa kwenye mbuzi kukuna nazi. Mimi niliyelelewa Mombasa, ambako kazi hiyo ni ya mama na shangazi zangu, niliwatazama kwa furaha kubwa.

Kilichonigusa zaidi ni palusami. Mama alichukua majani machanga manne ya nduma, ambazo sisi wa Pwani huziita majimbi, akayapandanisha kiganjani mpaka yakawa kama kikombe, akamimina tui zito lililotiwa chumvi na kitunguu, akakusanya kingo zake kwa vidole viwili na kulifunga furushi hilo ndani ya jani la mgomba lililopitishwa kwanza juu ya moto ili lisichanike. Alifanya hivyo bila kumwaga hata tone. Mimi nilimwaga mara tatu, naye akanishika mkono na kunionyesha upya, taratibu, jinsi bibi yake alivyomfundisha. Furushi lililoiva halina tena jani wala tui: vyote viwili huwa kitu kimoja laini, kizito, chenye harufu ya moshi, na huliwa kwa nduma au shelisheli iliyookwa kwenye mawe hayo hayo. Hakuna chakula cha Pwani kinachofanana nacho, ingawa kila kilichomo tunacho.

Tukiwa tunasubiri, alitueleza kwamba mwaka 1993 ugonjwa wa majani uliingia Samoa na kuangamiza karibu nduma zote, zao lililokuwa likiwalisha nyumbani na kuwaletea fedha za kigeni. Ilibidi watafiti na wakulima wachanganye mbegu zao na aina za nchi nyingine mpaka zikapatikana nduma zinazostahimili. Kisa hicho kilinifanya niielewe vizuri zaidi bidii yake, kwa sababu mapishi haya hayana pa kusimama zao lenyewe likitoweka. Alituonyesha pia kipande cha siapo, kitambaa cha gome kilichochorwa kwa rangi ya kahawia na nyeusi. Mgeni mmoja kutoka Uganda alikipapasa akasema kinamkumbusha lubugo ya kwao, na wawili hao wakazungumza juu ya kupondaponda magome kwa muda mrefu kuliko ratiba ilivyoruhusu. Sikuona aliyelalamika.

Yapo ya kurekebishwa. Mafurushi mawili katika meza yetu hayakuiva vya kutosha, na jani la nduma lisiloiva huwasha koo; kwa chakula cha aina hii kosa hilo si dogo, hivyo ni afadhali mlo uchelewe nusu saa. Aidha, wasaidizi walitugawia mashada ya maua ya plastiki na kuweka muziki wa Hawaii, kana kwamba visiwa vyote vya Polinesia ni kimoja. Hawaii ina historia yake, ikiwemo miaka mingi ambayo lugha yake ilizuiwa kufundishia shuleni kuanzia 1896, nayo inastahili siku yake na msimulizi wake. Muziki ulipozimwa, mama akasimama na kucheza siva ya kwao, mikono ikienda polepole kama maji yanayotulia, ua mzima ulinyamaza.

Anayetaka kwenda aweke nafasi mapema, avae nguo asizozionea uchungu kwa moshi, na asile kifungua kinywa kizito. Watoto wanakaribishwa, na wa kwangu wa miaka tisa alirudi akidai majani ya nduma. Jumamosi iliyofuata nilipomwomba muuzaji wangu wa nduma aniletee majani machanga, aliniuliza, “Dada, umeanza kufuga ng'ombe?” Nilimweleza yanavyopikwa. Ameahidi kuniletea wiki hii, nami nimeahidi kumwonjesha.