Mashine ya gemu ya zamani ya kujifunzia: ununue ipi ukiwa Mwanza?

Mnunuzi wa mashine ya kuchezea huuliza kama lenzi inasoma. Anayetaka ya kujifunzia, aifungue, aelewe saketi na kuandika gemu zake mwenyewe, ana swali jingine: programu yangu itaingilia wapi? Orodha hii tumeipanga kwa urahisi wa mlango huo, kisha upatikanaji wa vipuri. Uwezo wa mashine tumeuweka mwisho.

Ila hela ikae mfukoni kwanza. Emuleta, yaani programu inayoiga mashine ya gemu ndani ya kompyuta, ni bure: mGBA kwa Game Boy Advance (GBA), Mesen kwa Famicom ya zamani ya Nintendo, PCSX2 kwa PlayStation 2 (PS2). Kama bado hujafanikiwa kusogeza kimraba kimoja kwenye emuleta, mashine halisi itakuongezea matatizo tu, maana hutajua kosa liko kwenye programu au kwenye waya.

Ya kwanza: PS2 slim, hata yenye lenzi mbovu

Tunasema hata yenye lenzi mbovu kwa sababu hiyo ndiyo nafuu yako. Mwenye banda la gemu anayehamia mashine mpya ana slim kavu pembeni ambayo haisomi diski, na kwake hiyo ni mzigo. Wewe diski huzihitaji. Slim ina tundu la waya wa mtandao nyuma, na programu itapita hapo.

Igeuze usome lebo. SCPH-70000 hadi 79000 zinatumia adapta ya nje ya volti 8.5, basi dai adapta yake halisi. Adapta ya king'amuzi ya volti 12, hata kama plagi inaingia, itaua bodi. SCPH-90000 ina umeme ndani, lakini zile za mwisho zina ROM (programu ya kuwashia iliyowekwa kiwandani) toleo 2.30 ambayo inaikataa Free McBoot, programu inayokaa kwenye memori kadi na kuifungua mashine inapowashwa. Soma msimbo wa tarehe kwenye lebo: 8B kurudi nyuma ni salama, 8C kuendelea iache.

Memori kadi iwe ya MB 8, ya Sony halisi. Zile za MB 64 na 128 zinajaza maduka na zinapoteza data bila taarifa. Tafuta mtu mwenye PS2 iliyokwisha kufunguliwa akuwekee Free McBoot kwa kisakinishi chake, achague Cross-Model ili kadi ifanye kazi kwenye slim yako. Kunakili mafaili kutoka kadi moja kwenda nyingine hakusaidii: faili la kuwashia limefungwa kwa kadi ileile lilimowekwa. Na msiifanye kazi hiyo saa ambazo mtaa wenu huzoea kukatikiwa umeme. Ukikatika katikati, kadi inaharibika.

Baada ya hapo weka kwenye kadi ps2link, programu inayopokea gemu yako kupitia waya wa mtandao. Unganisha slim na laptopu kwa waya wa mtandao, moja kwa moja, bila ruta. Anwani ya kawaida ya ps2link ni 192.168.0.10, kwa hiyo laptopu ipe 192.168.0.2 na maski 255.255.255.0. Kisha, kwenye laptopu, itume gemu kwa ps2client, programu ya upande wa pili:

ps2client -h 192.168.0.10 execee host:gemu.elf

Gemu inatokea kwenye TV papo hapo. Ukikosea mstari mmoja unarekebisha na kutuma tena, bila kuchomoa fleshi wala kuchoma diski. Hii ndiyo sababu PS2 imeongoza orodha. Ikigoma bila kusema lolote, huenda ukuta wa ulinzi wa Windows unazuia mawasiliano ya slim na laptopu. Iruhusu ps2client. Ukitumia fleshi badala ya waya, ifomati kwa FAT32. Tundu la USB ni la toleo 1.1, kwa hiyo usishangae uzito wake.

Dukani, kabla hujalipa: iwashe, ingia kwenye menyu, weka kadi kwenye nafasi zote mbili, jaribu pedi kwenye matundu yote mawili, halafu iache dakika ishirini. Ikizima yenyewe, feni imeziba. Kwa mitaa iliyo karibu na ziwa hilo ni la kawaida, vumbi na wale wadudu wa ziwani hugandamana kwenye tundu la hewa. Brashi laini inatosha. Picha ikiwa nyeusi na nyeupe kwenye TV bapa, huenda waya wa njano unatakiwa kwenye tundu la kijani, na chanzo kiwekwe AV.

Ubaya wake: ndani ni pagumu. Kuna prosesa kuu, prosesa mbili za vekta, chipu ya picha na prosesa ya pembeni. Anza na lugha ya C na gsKit, maktaba ya kuchorea picha. Prosesa za vekta ziache mwaka wa kwanza.

Ya pili: Game Boy Advance

Kwa kuelewa mashine mpaka mwisho, hii inaishinda PS2. Prosesa ya kushughulika nayo ni moja, ARM7TDMI ya MHz 16.78, skrini ni 240 kwa 160, na maelezo yake, Tonc na GBATEK, yameandikwa vizuri kupita mashine yoyote kwenye orodha hii. Yapakue yote siku una bando, uyasome nje ya mtandao. Imeshuka nafasi moja tu kwa sababu huku kuipata ni kwa kubahatisha au kuagiza.

Wengi hawajui kuwa kaseti ya bei ghali si lazima. Ukiiwasha bila kaseti, GBA inasubiri programu kupitia tundu la waya wa kuunganishia, hadi KB 256. Raspberry Pi Pico, bodi ndogo ya kuprogramu, inaweza kuituma, kwani zote mbili ni volti 3.3. Arduino Uno, bodi nyingine ya aina hiyo, ni volti 5, usiiunganishe bila kishusha volti katikati. Ukijenga programu tumia faili la mipangilio la gba_mb.specs, ili ianzie anwani ya memori 0x02000000. Iliyojengwa kama kaseti huanzia 0x08000000, na hapo hakuna kitu.

Fungua sehemu ya betri kabla ya bei. Ukungu mweupe au wa kijani ukiwa kwenye chuma tu, siki na pamba vinautoa. Ukiwa umeingia kwenye bodi, rudisha.

Ya tatu: TV gemu ya kaseti

Hizi nakala za Famicom, za kaseti ya pini 60, ni za anayetaka kulehemu. Ndani yake kuna nakala ya prosesa ya 6502, na RAM ni KB 2 tu. Kaseti za gemu nyingi hazibadiliki, chipu zimefunikwa tone jeusi la gundi. Utahitaji bodi ya NROM (aina rahisi ya bodi ya kaseti), EPROM, yaani chipu za kuandikwa, 27C256 ya programu na 27C64 ya picha, na kifaa cha kuandikia chipu kama T48. Ukikosa 27C256 usichomeke 28C256 hivihivi: A14 (waya wa anwani) imehama kutoka pini 27 kwenda pini 1, na pini 27 imekuwa ya kuandikia. Elekeza upya nyaya hizo mbili kwanza. Adapta nayo ipime kwa multimeta, chanya na hasi, kwa sababu Famicom asilia ina hasi katikati. Baada ya 7805, chipu inayoshusha umeme, usome volti 5 au karibu nayo.

Mega Drive ya Sega ina SGDK, vifaa vizuri vya kuandikia gemu kwa C, lakini bila kaseti ya kuandikika utabaki kwenye emuleta. PS1 inafaa ukiipata bure.

Vile vidude vya mkononi vya gemu 400 usivinunue kwa kazi hii. Mara nyingi chipu zake ziko chini ya gundi, na mlango rahisi wa kuingizia programu yako haupo.