Nilivyoifundisha Commodore 64 kuimba wimbo wa kwaya

Naimba teno tangu nikiwa kidato cha pili Moshi, na siku zote nilitaka kujua noti ni kitu gani hasa kabla hatujaiita do au re. Aliyenijibu ni Commodore 64, kompyuta ya mwaka 1982. Niliinunua mwaka jana hapa Ujerumani, soko la mitumba, kwa euro 110. Wenyeji huiita Brotkasten, sanduku la mkate, na ukiitazama unaona kwa nini.

Ukiiwasha inakuambia kuna baiti 38911 za kuandikia BASIC, lugha yake ya kuandikia programu, kisha inatulia kukungoja. BASIC yenyewe haina amri hata moja ya sauti. Kompyuta mwenzake wa mwaka uleule, ZX Spectrum, ukiandika BEEP 1,0 unapata do ya kati kwa sekunde nzima. Huku unapachika namba mwenyewe kwa amri ya POKE ndani ya SID, chipu ya sauti aliyoibuni Bob Yannes, kuanzia anwani 54272 ya kumbukumbu. Anayetaka kusikia kitu haraka atachoka mapema. Mimi ndipo nilipovutika.

Noti yangu ya kwanza niliiandika hivi:

10 S=54272
20 FOR L=S TO S+24:POKE L,0:NEXT
30 POKE S+24,15
40 POKE S+5,9:POKE S+6,168
50 POKE S,49:POKE S+1,28
60 POKE S+4,33
70 T=TI
80 IF TI-T<30 THEN 80
90 POKE S+4,32

Mstari wa 30 unafungua sauti hadi juu, wa 40 unapanga noti ipandeje, idumu kiasi gani na ififie vipi. Ile 33 ni 32 ya wimbi la msumeno pamoja na 1 inayofungua lango. Ukirudisha 32 lango linafungwa na noti inafifia. Usipolifunga, haififii. TI ni saa ya ndani inayohesabu mara 60 kwa sekunde, kwa hiyo 30 ni nusu sekunde. Tumia TI, achana na vile vitanzi vitupu vya FOR vya kupoteza muda tu, maana kila ukigusa programu mapigo yanabadilika.

Sasa lililonisumbua wiki nzima. Zile 49 na 28 za mstari wa 50, zinazochagua noti, nilizinakili kutoka jedwali la kitabu cha Kiingereza cha enzi zile, zikiandikwa kuwa ni noti "la" ya hezi 440, yaani mitetemo 440 kwa sekunde. Nikapima kwa programu ya simu ninayotumia kutuni gitaa: 424. Nikadhani chipu imechoka. Haikuwa na kosa lolote. SID haina saa yake, inahesabu kwa saa ya kompyuta, na mashine ya Marekani hupiga mara 1,022,727 kwa sekunde ilhali ya Ulaya hupiga 985,248. Jedwali lilikuwa la Wamarekani. Ukitaka hesabu yako mwenyewe, zidisha hezi kwa 16,777,216 halafu gawanya kwa saa ya mashine yako. Kwangu 440 inatoa 7492 na ushee. Namba hiyo haiingii kwenye POKE moja, kwa hiyo igawanye kwa 256 upate 29, baki 68. Nikaandika POKE S,68:POKE S+1,29 na sindano ya simu ikasimama katikati. Nilikaa nikiisikiliza ile "la" moja kwa muda mrefu.

Kisha nikataka wimbo wa kwaya. Kwaya ina sauti nne, SID ina tatu. Soprano nikaipa ya kwanza, besi ya pili. Alto na teno ilibidi zigawane ya tatu kwa kupokezana haraka mpaka sikio lisikie zote mbili. Ndiyo mbinu iliyojaa kwenye muziki wa michezo ya miaka ya 1980, ya watunzi akina Rob Hubbard na Martin Galway. BASIC haina mbio hizo. Hata kuanzisha sauti tatu kwa pamoja inahema. Nilipunguza kasoro kwa kuweka namba za noti zote kwanza, kisha kufungua malango matatu mfululizo mwishoni.

Kupokezana niliandika kwa lugha ya mashine, namba ambazo kompyuta inazitekeleza moja kwa moja bila BASIC, kwenye nafasi iliyo wazi kuanzia 49152. Mara 60 kwa sekunde kompyuta huacha inachofanya ikakague kibodi, na anwani 788 na 789 ndizo zinazoielekeza pa kupitia. Ukiweka humo anwani ya programu yako, inapita kwako kwanza. Ilinichukua wiki mbili. Kumbuka pia kuwa namba ulizoiandikia SID huwezi kuzisoma tena kwa PEEK, amri ya kusoma kumbukumbu, kwa hiyo tunza nakala kwenye kumbukumbu.

Ukinunua ya zamani, usichomeke adapta yake ya umeme ya asili kabla ya kuipima. Zile zinazojulikana kwa kuharibika hupandisha volti 5 zikapita kiasi na kuua chipu za kumbukumbu. Mimi nilinunua mpya. Usipoipata mashine huko uliko, VICE ni programu ya bure inayoiga Commodore 64 vizuri kwenye kompyuta ya leo. Chagua tu kama unataka ya Ulaya au ya Marekani, sasa unajua kwa nini.

Wimbo wangu ulipokamilika niliurekodi nikautuma kwenye kundi la kwaya nyumbani. Mwalimu alisikiliza mara mbili, akasema alto na teno anazisikia zote, ila besi inakatika kabla ya wenzake mwisho wa mstari. Nilipoangalia, kufifia kwa sauti ya pili nilikuwa nimeweka 3 badala ya 8. Nimeshabadilisha, na Jumapili namtumia tena.