Msinunue hii praima nyeusi (au nunueni, ila si kwa modeli ya kifaru cha vita cha njano)

"Kwa rangi zote." Ndivyo chupa inavyojinadi. Praima ni ile rangi ya kwanza ya kushikisha nyingine kwenye plastiki; hii ni akriliki (ya maji), nyeusi, haitaki thina, unamimina tu kwenye kikombe cha brashi ya hewa na kupuliza. Aliyeyaandika maneno hayo hajawahi kupaka Dunkelgelb, njano ya vifaru vya Wajerumani, juu ya weusi, naapa.

Modeli yangu ni Panther, kifaru cha Kijerumani, kwa kipimo cha 1/35. Panther imeingia vitani mwaka 1943, mwaka uleule Wajerumani walipoachana na kijivu kilichokolea wakaanza kupaka vifaru vyao ile njano iliyofifia. Sasa njano ni rangi dhaifu, haifuniki, na ikikaa juu ya nyeusi inageuka kijani cha ugonjwa. Unaongeza tabaka, bado kijani. Unaongeza tena. Inapoanza kufanana na njano, mistari midogo ya kulehemu imeshazama ndani ya rangi na huioni tena.

Hilo ningelisamehe, maana ndiyo tabia ya nyeusi. Ina uzuri wake pia: kivuli kinabaki chenyewe kwenye pembe na nyuma ya magurudumu, na ukipuliza rangi katikati ya bamba peke yake kifaru kinachangamka. Kwa kijani nzito ya T-34 ya Kisovieti, au olive drab (kijani-kahawia) ya Sherman ya Kimarekani, sina ugomvi na nyeusi hata kidogo.

Ugomvi wangu ni tepu, ile ya kuziba sehemu usizotaka zipate rangi.

Plastiki niliiosha kwa sabuni kuondoa mafuta ya kiwandani. Praima nikaiacha ikauke siku kadhaa, zaidi ya walivyoagiza wenyewe. Tepu ni ile laini ya kazi hii, na kabla ya kuibandika niliipitisha kwenye kiganja ipungue gundi. Nikapuliza mabaka ya kahawia na kijani, yakatoka vizuri kuliko nilivyotarajia, nikaanza kuivuta tepu polepole. Ikaja na kila kitu! Mabaka, njano na praima vimeshikamana, vinabanduka ubavuni mwa mnara wa mzinga kama gamba la nyoka, hadi plastiki tupu. Nikachukua msasa nisawazishe kingo. Wapi! Haisagiki, inavutika na kujikunja vipande vipande, kidonda kinazidi kupanuka.

Jamani, kazi ya praima ni nini kama si kushika?

Nikawaandikia watengenezaji, na picha nikaambatanisha. Wakanijibu nihakikishe nimeosha modeli, na kwamba bidhaa yao haina tatizo la namna hiyo. Nikawaeleza kwamba nimeosha, na nimeosha vipi. Ukaja ujumbe uleule, neno kwa neno, pamoja na "mteja wetu mpendwa" yake. Huo upendo wabaki nao.

Kwa anayeuliza apake nini: kwa vifaru vya njano mimi narudi kwenye nyekundu-kahawia, tena ya laka (rangi ya kiyeyusho kikali, si ya maji), si hii. Viwanda vya Ujerumani vyenyewe vilikuwa vinapaka chuma praima ya rangi hiyo kabla ya njano, kwa hiyo ukikwaruza kidogo mlangoni au kwenye ngazi za kupandia, kinachochungulia ni rangi ya kweli, na njano juu yake inapata joto badala ya kuugua. Kijivu nacho ni kizuri kama umetumia pati ya kuziba mianya na vipande vya shaba, kwa sababu kinavifanya vyote rangi moja na mshono uliosahaulika unajitokeza papo hapo. Laka inanuka, vaeni barakoa.

Sasa niseme ukweli unaoniudhi zaidi. Ile iliyobaki kwenye chupa nimeipuliza kwenye minyororo na mipira ya magurudumu, mahali ambapo tepu haifiki, na imekaa safi ajabu. Nyembamba, haing'ai, nozeli ya brashi haikuziba hata mara moja. Nimeitazama nikakasirika upya, kwa nini isiwe hivyo pote? Kwa hiyo nyota tatu, kwa minyororo tu. Halafu nimefungua simu nikaona wamenitumia fomu ya kupima jinsi nilivyofurahia huduma yao. Moja. Na hiyo moja ni ya nozeli.