The Welcome Wagon: mume, mke na gitaa

Vito Aiuto ni mchungaji wa Kipresbiteri aliyehudumu Brooklyn, New York; Monique ni mkewe. Wawili hawa ndio The Welcome Wagon. Albamu yao ya kwanza, ya mwaka 2008, ilitayarishwa na mwanamuziki wa Marekani Sufjan Stevens, na tarumbeta na kwaya zake zinapendeza. Lakini mimi, mwanakwaya wa sauti ya pili kwa miaka mingi, ninaporudia ni pale vyombo vinapopungua, likabaki gitaa na sauti mbili. Sauti ya Monique ni nyembamba, haina madoido. Anaimba kama mama anayembembeleza mtoto huku akisali. Vito hamfuniki. Anashuka kidogo, anamsubiri avute pumzi, kisha wanaliingia neno pamoja. Mazoezi ya Jumamosi peke yake hayaleti kitu kama hicho!

Wamechanganya tenzi za zamani na wimbo wa Velvet Underground, bendi ya roki ambayo sikutarajia kuikuta karibu na madhabahu. Umenigusa kuliko tenzi zenyewe. Kuna nyimbo chache zilizojaa vyombo mno, maneno yanazama. Hizo naziruka. Zilizobaki nazisikiliza usiku, taa nimezima, sifanyi kazi nyingine yoyote.