Boksi la fyuzi la ziada kwa gari la porini: lipi ununue, lipi uliache

Fungua boneti ya gari lililoongezewa vifaa kwa haraka, uangalie kichwa cha chanya cha betri. Gari langu la kwanza lilikuwa na nyaya saba zimebebana chini ya nati moja: spotilaiti, friji, kompresa ya upepo, redio, taa ya kambi, soketi ya nyuma, na waya mmoja mwekundu ambao hata leo sijui ulikuwa unakwenda wapi. Nyaya tano zilikuwa na fyuzi zake za kuning'inia, mbili hazikuwa na kitu. Usiku mmoja nati ile ililegea kwenye njia ya mawe, friji na taa vikazimika kwa mpigo, nami nikakaa nusu saa nikipapasa gizani kutafuta fyuzi iliyoungua. Haikuwepo.

Boksi la fyuzi la ziada huondoa fujo hiyo: waya mmoja mnene kutoka kwenye betri, fyuzi kubwa moja njiani, halafu boksi lenye nafasi sita au kumi na mbili, kila kifaa na fyuzi yake, zote mahali pamoja. Ukishafikisha vifaa vitatu vya kuongeza, nunua. Kabla ya hapo si lazima.

Kwanza hesabu mzigo

Wengi huanza na swali la nafasi ngapi. Swali lenyewe ni ampea ngapi. Gawa wati kwa volti 12 na utapata jibu. Taa mbili za wati 55 kila moja ni wati 110, yaani ampea 9 na kidogo. Friji ya kompresa hula kama ampea 5 mota inapozunguka. Redio ya mawasiliano ya wati 50 hufika ampea 10 hivi unapoongea. Soketi za kuchajia simu, weka 5. Kompresa ndogo ya kujaza matairi, weka 25. Jumla ni ampea 54 vyote vikiwashwa pamoja, jambo ambalo halitokei mara nyingi.

Sasa angalia mtego. Maboksi mengi mazuri huandikwa ampea 30 kwa kila nafasi na ampea 100 kwa boksi zima. Mtu anaona nafasi 12, anazidisha kwa 30, anapata 360 na kufurahi. La hasha. Baa ya shaba iliyo ndani ndiyo inayobeba zote, na ukomo wake ni 100. Boksi ambalo halijaandikwa ukomo wa jumla popote, si mgongoni wala kwenye karatasi yake, lirudishe lilikotoka.

Winchi, ile mashine ya kulivuta gari lililokwama, usiihesabu kabisa. Ikivuta kwa nguvu zake zote inaweza kula ampea 400 na zaidi, kwa hiyo ina nyaya zake nene za peke yake. Kompresa kubwa ya mota mbili nayo ipewe waya wake na fyuzi yake kubwa moja kwa moja kutoka kwenye betri.

Namba 1: boksi la wazi lenye mfuniko na baa ya hasi

Hili ndilo ningemnunulia ndugu yangu. Mfano unaojulikana zaidi ni Blue Sea Systems ST Blade, lililotengenezwa kwa ajili ya boti na likahamia kwenye magari. Lipo la nafasi 6 na la nafasi 12, linatumia fyuzi za kawaida za miguu miwili ambazo gari lako tayari linazo, na nyaya hufungwa kwa skrubu. Hakuna kifaa maalumu cha kuhitaji porini, bisibisi inatosha.

Lipo lenye baa ya hasi, yaani kipande cha chuma cha kufungia nyaya zote za hasi, na lisilo nayo. Lipia baa ya hasi. Bila hiyo kila kifaa kitatafutiwa ethi yake, yaani njia ya umeme kurudi, kwenye bodi, na ethi ya kubahatisha juu ya rangi na kutu ndiyo chanzo cha taa zinazopepesa na redio zinazokoroma. Ukiwa na baa, nyaya mbili za kila kifaa zinarudi mahali pamoja na kazi imeisha. Lakini ukiona kitambuzi kidogo kimefungwa kwenye hasi ya betri, kama magari mengi ya siku hizi yalivyo, ethi ya boksi ipeleke kwenye chasisi, si kwenye kichwa chenyewe cha betri. Kitambuzi hicho hupima umeme unaoingia na kutoka, na ukikipita, kompyuta ya gari itapotoka katika hesabu za kuchaji.

Zipo pia aina zilizogawanywa mara mbili ndani: nusu ina moto saa zote, nusu ina moto ukiwasha ufunguo tu. Friji inakaa upande wa kwanza, redio na chaja upande wa pili, na hutaamka asubuhi betri ikiwa imelala kwa sababu ya chaja uliyoisahau.

Udhaifu wake ni maji. Mfuniko huzuia spana isianguke juu ya shaba, hauzuii mafuriko ya mtoni. Lifunge ndani ya gari, au juu kabisa chini ya boneti, mbali na joto la bomba la moshi.

Nafasi 6 au 12? Chukua 12 kama pana pa kuliweka. Nilianza na sita nikajiona mwerevu, na baada ya mwaka mmoja nikawa nalifungua lote.

Namba 2: boksi lililozibwa, lenye fyuzi na rilei pamoja

Kama boksi lazima likae chini ya boneti, na gari linavuka mito kwelikweli, nenda hapa. Linalotajwa sana ni Bussmann RTMR: fyuzi ndogo kumi na rilei ndogo tano (swichi zinazowashwa kwa umeme), mfuniko wenye raba, na kila waya unaingia kwa chini kupitia raba yake. Rilei kuwa humohumo ni faida kubwa, kwa maana swichi ya dashibodi inabeba umeme kidogo tu wa kuiamsha rilei, na ule mwingi haupiti kabisa ndani ya gari.

Mbona basi si namba moja? Kwa sababu ya kazi yake. Nyaya hazifungwi kwa skrubu. Kila mmoja hubanwa kichwa cha chuma chenye raba kwa koleo lake maalumu, kisha husukumwa hadi ulie "tik". Ukikosea tundu, kuutoa ni shughuli. Matundu usiyotumia nayo yazibwe, la sivyo maji yatapita hapohapo na umenunua boksi la kuzuia maji bure. Vichwa na raba mara nyingi huuzwa mbali na boksi, kwa hiyo hakikisha vipo kabla hujalipa. Kama huna koleo hilo, tafuta lililofungwa waya tayari kutoka kwa muuzaji anayeeleza unene wa kila waya.

Namba 3: mfumo wa kielektroniki wenye swichi zake

Switch-Pros, sPOD, Garmin PowerSwitch na wenzao. Hapa hakuna rilei za kulia wala fyuzi za kubadilisha kila nafasi: saketi za kielektroniki ndizo hukata umeme zenyewe mzigo ukizidi. Unapata kipaneli chembamba cha vitufe, waya mmoja unaopenya ukuta wa injini badala ya kumi, na mingine inaweza kuzima vifaa betri ikianza kushuka au kuendeshwa kwa simu.

Ni mizuri, tena ni mizuri sana, kwa mwenye taa nyingi za kuwasha na kuzima. Kwa mwenye friji, soketi mbili na redio ni kununua ng'ombe kwa kikombe cha chai. Na kuna jambo linalonizuia kuipandisha juu: fyuzi ikiungua, unachomeka nyingine kwa dakika moja. Kisanduku cha kielektroniki kikifa, vifaa vyote vilivyofungwa humo vimekufa pamoja, na hukuti cha kubadilisha njiani. Ukinunua, friji na redio ya dharura ziache kwenye boksi dogo la kawaida pembeni.

Namba 4: boksi lisilo na jina, lenye vitaa vyekundu

Haya yamejaa mitandaoni: nafasi 12, kitaa kinachowaka fyuzi ikiungua, fyuzi za bure ndani ya pakiti. Sisemi yote ni mabaya. Lichunguze kwa sumaku. Igusishe kwenye baa na kwenye vishikio vya fyuzi, na ikinata, hicho ni chuma kilichopakwa rangi ya shaba, kitapata joto na kutu. Kisha chomeka fyuzi na uichomoe mara tano. Ikianza kuingia kwa ulaini kama kisu kwenye siagi, vishikio vimelegea na siku moja plastiki itayeyuka pale bila fyuzi kuungua.

Fyuzi za bure zitupe. Nunua za kampuni inayojulikana, kama Littelfuse au Bussmann. Fyuzi inatakiwa kuwa chombo kinachopimika: ya ampea 20 ikipitishiwa 40 inakata ndani ya sekunde tano, na ikipitishiwa 27 inaweza kuvumilia hadi dakika kumi. Ya bandia hujui itafanya nini. Kwa sababu ya uvumilivu huo, fyuzi huchaguliwa kwa kuutazama waya kuliko kukitazama kifaa. Anayeungua fyuzi iking'ang'ania ni waya.

Namba 5: fyuzi ya kudandia

Ni kile kijiti kinachochomekwa kwenye boksi la fyuzi la gari lenyewe na kubeba fyuzi mbili, ya zamani na ya kifaa kipya. Kwa kamera ya dashibodi au chaja ya simu, sawa, kwa kawaida hadi ampea 10. Kwa spotilaiti au friji, hapana. Unabebesha waya wa kiwandani mzigo ambao haukuupangiwa, na fundi atakayekuja baadaye hatakuelewa.

Pesa isiishie kwenye boksi

Nimeona watu wananunua boksi zuri kisha wanalilisha kwa waya wa spika. Kwa mzigo wa ampea 54 tuliouhesabu, na boksi likiwa karibu na betri, weka waya wa shaba wa milimita za mraba 16 na fyuzi kubwa ya ampea 80. Fyuzi hiyo ikae karibu na betri kadiri inavyowezekana. Kanuni za ABYC za boti za Marekani kwa kawaida hutaka isizidi sentimita 18, na hicho ni kipimo kizuri cha kuiga, kwa sababu kipande kilichopo kati ya betri na fyuzi hakina mlinzi. Kikisuguliwa na chuma kikapiga shoti, kitawaka hadi betri iishe. Vikatizi vya kubonyeza vya bei rahisi, vinavyowekwa badala ya fyuzi hiyo, siviamini chini ya boneti, kwani joto la injini huvikatisha kabla ya wakati.

Unene wa nyaya za kwenda nyuma nao unauma. Soketi ya friji iliyo mita tano kutoka kwenye boksi ina mita kumi za waya, kwenda na kurudi. Kwa waya wa milimita za mraba 2.5 na ampea 10, unapoteza volti 0.7 njiani. Kwa waya wa 6, unapoteza 0.3. Betri ikishuka usiku, hizo 0.4 ndizo zinazofanya friji ijizime na nyama iharibike huku betri ingali na moto.

Na kabla hujalipia waya, kwangua ncha kwa kisu. Ukiona weupe ndani ya wekundu, hiyo ni alumini iliyovishwa shaba. Hupitisha umeme kidogo kuliko shaba ya unene uleule, na hukatika kwa mtikisiko, na gari la porini ni mtikisiko mtupu.

Kazi ikiisha, endesha siku mbili za njia mbaya, kisha rudi na bisibisi ukaze kila skrubu. Zitakuwa zimelegea. Andika majina ya vifaa ndani ya mfuniko kwa kalamu isiyofutika, lakini baada ya kuendesha hizo siku mbili, si kabla. Mfuniko wangu una neno "friji" mahali patatu, pawili pamekatwa.