Faili la pete na karatasi za kuchomoa, baada ya miaka miwili ya kulitumia

Mimi ni mwalimu wa Baiolojia sekondari na miaka yote nilikuwa mtu wa kaunta buku, notsi zangu zote humo kuanzia seli mpaka jenetiki. Mtaala ulipobadilika ndo nikaona shida yake, mada hii imehamishwa kidato, ile imekatwa, nyingine imeongezwa, na kaunta buku haihamishi kitu, ukichana karatasi moja ile mwenzake wa upande wa pili nayo inalegea mpaka inadondoka. Nikawa nabandika vikaratasi kwa gundi hadi daftari likavimba, halifungiki.

Nikaenda stesheneri moja hapa mjini nikachukua faili la pete mbili kwa elfu sita na mia tano, pamoja na pakti ya karatasi za mistari zilizotobolewa tayari. Pakti imeandikwa loose-leaf. Mwalimu mwenzangu pale stafu akauliza, "hayo si majani ya chai?" Na ana haki kabisa kuuliza, maana Waingereza jani la mti na karatasi ya kitabu wanaviita jina moja, kwenye chai ni majani yasiyofungwa kwenye vile vifuko vya kuchovya, na kwenye karatasi ni zile ambazo hazijashonwa wala kugundishwa, kila moja inajitegemea. Kuna hadi vitabu vya sheria vinavyotolewa hivyo, sheria ikirekebishwa wanaleta kurasa mpya tu, unachomoa za zamani unaweka hizo.

Kwa kazi ya ualimu jamani hiki kitu kimenikomboa. Azimio la kazi mbele, maandalio ya somo yanafuata, notsi, halafu maswali ya mitihani nyuma. Mada ya uainishaji wa viumbe niliichomoa yote nikaipeleka kidato kingine, dakika mbili nimemaliza, zamani ningeandika upya wikendi nzima.

Sasa ubaya wake. Pete za bei rahisi hazikutani vizuri, zinaacha kaupenyo pale juu, karatasi inanasa hapohapo na tundu linachanika. Ukiwa dukani fungua pete, zifunge, kisha pitisha ukucha kwenye maungio, ukucha ukikwama usinunue, kwa sababu karatasi nayo itakwama. Mimi sikufanya hivyo, na kurasa zangu za mwanzo nimezibandika vile viduara vya plastiki kwenye matundu zaidi ya mara moja. Halafu usilishindilie. Langu pete zake ni milimita 25, nikipita karatasi mia mbili linagoma kufunga, na uzito nao, karatasi mia mbili za A4 za gramu 80 ni kilo nzima ndani ya begi.

Kingine, angalieni idadi ya pete. Dada yangu aliyeko Marekani alinitumia faili zuri sana, gumu, ila lina pete tatu na limekatwa kwa karatasi zao ambazo urefu ni milimita 279, A4 yetu ni 297, kwa hiyo inachungulia nje na kujikunja ncha. Panchi zetu za kawaida zinatoboa matundu mawili yaliyoachana milimita 80, hicho ni kipimo cha kimataifa, faili lolote la pete mbili la A4 linakubali. Huu mtindo wa panchi na pete ni wa Wajerumani, Friedrich Soennecken wa Bonn aliusajili 1886, na mpaka leo panchi ya stafu yetu inafanya kazi vilevile.

Kwa mwanafunzi wa kidato cha kwanza au cha pili sishauri, madaftari yao yanakusanywa kusahihishwa na karatasi moja moja zitapotea njiani. Mwanachuo na mwalimu, chukueni. Mimi mwezi ujao naongeza la pili kwa ajili ya Form Four, safari hii lenye pete za umbo la D, kurasa zinakaa zimenyooka na zinaingia nyingi zaidi.