Tandiko la Heiser nililonunua mnadani: nakshi safi, maelezo nusu nusu

Nyota nne kati ya tano.

Nakusanya matandiko ya farasi ya zamani ya wachunga ng'ombe wa Marekani, yale yenye nakshi za mkono. Mke wangu hachoki kuniuliza farasi yuko wapi. Hili nimelipata kwenye mnada wa mtandaoni kwa dola 1,450, usafiri mbali. Mhuri wa mtengenezaji, H.H. Heiser wa Denver, bado unasomeka vizuri, na kwa sisi tunaoishi huku Colorado jina hilo halihitaji utangulizi. Matandiko yake yalikuwa yakitumiwa na wafugaji tangu karne ya 19.

Nakshi ndiyo iliyonipandisha dau. Maua na majani yanatambaa hadi kwenye zile ngozi pana zinazoning'inia ubavuni kukinga miguu ya mpandaji, na hakuna ua linalofanana kabisa na mwenzake. Kazi hii hufanywa ngozi ikiwa na unyevu. Fundi hukata mistari kwa kisu, kisha hugonga vyuma vidogo kando yake ili ngozi ididimie na ua liinuke. Lazima iwe ngozi iliyotengenezwa kwa magome ya miti, kwani ile iliyotengenezwa kwa kemikali ya kromu haishiki alama. Hapa mikato imekwenda bila kusita hata kwenye kona kali. Nakshi zilizogandamizwa kwa mashine huwa butu, na ua lilelile hujirudia.

Nyota moja nimeikata kwa sababu ya tangazo. Liliandikwa kwamba kila kitu ni cha asili, lakini ngozi ya kondoo ya chini ni mpya, nyeupe pepe, imeshonwa kwa uzi wa nailoni. Kuibadilisha si kosa, maana ndiyo inayochakaa mapema. Kosa ni kunyamaza. Niliomba picha ya tumboni, yaani upande wa chini wa tandiko, nikaletewa nyingine ya ubavuni, nikajua kuna jambo, nikapanga bei yangu kwa hesabu hiyo.

Kiunzi ni kizima. Ni mbao iliyovikwa ngozi mbichi, na ikivunjika tandiko linabaki pambo. Nililishika mbele na nyuma nikaminya kwa nguvu: halikucheza, halikulia. Kwenye mikanda ya vikuku vya kukanyagia kuna vumbi jekundu kidogo, dalili ya ngozi kuanza kuliwa na asidi. Wauzaji wengi huficha hali hiyo kwa kulipaka tandiko mafuta ling'ae. Mafuta hayaponyi ngozi iliyofikia hapo, yanaitia weusi tu. Hawa angalau hawakulipaka chochote.

Ufungaji ulikuwa mzuri, hakuna ngozi iliyokunjwa. Ningenunua kwao tena, ila bila picha ya tumboni dau langu litabaki dogo. Na kama uko karibu, kachukue mwenyewe. Usafiri wa mzigo huu unauma.